Taja Kosa Moja

Hukuweza kuondoka na gitaa lako kwa Fundi mpaka utaje kosa moja. Ungeweza kuwa umeridhika kabisa, ungeweza kuwa umechelewa harusini na bodaboda inakungoja nje ikiunguruma, yeye hakujali. Alilikumbatia gitaa kifuani, akakutazama, akasema, "Taja moja." Ukimwambia hakuna, anarudi kukaa kwenye kiti chake. "Hakuna kazi haina kosa. Kama wewe huoni, basi hujasikiliza. Piga tena."

Basi watu walijifunza kutaja. Kitufe kimelegea. Waya unachungulia. Umeacha alama ya dole gumba lako hapa kwenye ubao. Fundi aliridhika, akalirekebisha lile dogo palepale, ndipo akaliachilia gitaa. Mimi nilimtajia makosa mengi kwa miaka yote niliyomjua, na yote yalikuwa ya kweli isipokuwa moja. Hilo moja nililitunga, na ndilo lililomharibia jina lake. Naandika haya kwa sababu ya hilo.

Kibanda chake kilikuwa Busia, upande wa Uganda, nyuma ya foleni ya malori yanayongoja kuvuka kwenda Kenya. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye dirisha moja la kufungua kwa juu, na kiti kimoja tu cha mteja, kwa sababu Fundi hakupenda watu wawili wazungumze akiwa kazini. Ukutani zilijaa redio ambazo wenyewe hawakuzirudia. Hakuzitupa. Alisema mtu aliyeacha redio miaka sita anaweza kuja kesho, na akija ataiulizia kwa ukali kana kwamba aliiacha jana. Katika hilo alisema kweli, nimewahi kumwona mmoja.

Alianza kama fundi wa redio. Magitaa yalimfuata yenyewe. Kwaya za kwetu zilianza kununua magitaa ya umeme kwa wachuuzi wa upande wa Kenya, yale yaliyokwisha kupigwa na watu wengine, na baada ya miezi kadhaa kila gitaa likaanza kukwaruza. Ukigusa sauti tu, spika inatoa mlio wa mtu anayekuna sufuria. Wengi walidhani ni spika. Wengine walidhani ni umeme wetu. Fundi alifungua gitaa la kwanza maishani mwake, akatazama ndani, akacheka. "Hii ni redio imenyooshwa shingo," alisema.

Maana chini ya kila kitufe cha kuzungusha, kwenye gitaa kama kwenye redio, kuna kikopo kidogo cha bati ambacho mafundi wanakiita poti. Ndani ya poti kuna njia nyeusi ya makaa iliyopinda kama mundu, na kidole cha chuma kinachotembea juu yake. Kidole kikienda mbele sauti inapanda, kikirudi inashuka. Jasho la mkono, vumbi la barabara zetu na miaka vinaitafuna ile njia, na kidole kinaanza kujikwaa. Huko kujikwaa ndiko tunakosikia.

Nilikwenda kwake mara ya kwanza kwa ajili hiyo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko Buteba, na kanisani kwetu ndimi mpiga gitaa, kwa sababu mpigaji wa kwanza alihamia Jinja na hakuna mwingine aliyekubali kujifunza. Nililiweka gitaa mezani. Fundi hakunitazama usoni.

"Nani anapiga hii?"

"Mimi."

Ndipo akatazama mikono yangu, mmoja halafu mwingine. "Vidole vidogo," alisema. "Na kazi yako?"

"Mwalimu."

"Eh, Madamu! Basi penseli unazo."

Nilidhani ananitania. Kumbe penseli ilikuwa dawa yake. Alifungua poti kwa koleo, akasafisha ile njia kwa pamba na spiriti, kisha akaichora upya kwa ncha ya penseli, polepole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto wa darasa la kwanza. Gitaa liliacha kukwaruza kwa miezi mitatu. Tangu siku hiyo nikawa namletea vipande vya penseli vinavyobaki madarasani. Alivipima kwa jicho. "Letea mimi ya mtoto mvivu," aliniambia. "Ya mwenye bidii inakuja imeisha."

Lakini hakuwahi kuisifu hiyo penseli. Aliiita dawa ya kupunguza maumivu. Tiba, kwa maneno yake, ilikuwa kung'oa poti nzima na kuweka nyingine, na ikiwezekana kuweka iliyo bora kuliko ile ya kwanza. Yeye ndiye aliyeanzisha kwetu poti za kuvuta. Hizo zina swichi ndani yake. Unazungusha kitufe kama kawaida kupata sauti, na ukikivuta juu kinasikika tak, sumaku moja kati ya zile zinazonasa sauti ya nyuzi inalala na sauti inakuwa nyembamba, tamu kwa kucheza nyuzi za juu. Ukikisukuma chini sauti nene inarudi. Mwanzo hakuwa na poti za magitaa. Alizing'oa kwenye amplifaya zilizokufa, zile ambazo ulikuwa unavuta kitufe ili kuziwasha, akazitengeneza zifanye kazi ambayo hazikuzaliwa kuifanya. Wapigaji kutoka ng'ambo, watu wenye bendi zao na mashati yanayofanana, walikuwa wanavuka mpaka kuja kukaa kwenye kile kiti kimoja.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Makopo yake yote, na yalikuwa mengi, yalikuwa na karatasi zilizoandikwa kwa mkono wake mzuri: misumari midogo, waya mwekundu, vitufe vya watu. Kila gitaa lililoingia lilifungwa kikaratasi chenye jina na ugonjwa. Lakini kilichoandikwa na kiwanda hakukisoma kamwe. Poti zina aina mbili zinazofanana kama mapacha. Moja sauti yake inapanda kidogo kidogo, unavyotaka wewe. Nyingine ukiigusa tu sauti yote imeruka juu, na mzunguko uliobaki ni wa bure. Nyuma ya kila poti imepigwa herufi inayokwambia hii ni ipi. Mwanafunzi wangu wa darasa la nne angeweza kuzitenganisha. Fundi aliziunganisha na spika moja baada ya nyingine, akazungusha, akasikiliza, akaziweka upande huu au ule.

"Herufi iko hapo nyuma, Fundi," nilimwambia siku moja. "Soma tu."

"Hiyo herufi ilipigwa na mtu alikuwa na usingizi. Sikio yangu haina usingizi."

Nikageuza poti alizokwisha kuzipanga, nikasoma. Hakukosea hata moja. Akaniangalia kwa furaha ya kitoto, halafu akaikunja sura haraka, kwa sababu kusifiwa kulimkera na alijua nataka kumsifu.

Alikuwa mcha Mungu na hakwenda kanisani. Sababu yake ilikuwa spika. Alisema zimefungwa vibaya makanisa yote kutoka Busia hadi Tororo, na hawezi kukaa saa tatu akisikia waya usio na mahali pa kwenda ukilia, na watu wanasema amina. Padri mmoja alimwomba aje azirekebishe. Alikwenda Jumatatu, kanisa likiwa tupu, akafanya kazi siku nzima, akakataa chai. Jumapili hakuonekana. Na muziki wenyewe, sijui kama aliupenda. Alijua kupiga kipande kimoja tu, nyuzi tatu, cha kupimia. Hakukimaliza kamwe. Nilipomuuliza kwa nini hajifunzi wimbo mzima alisema daktari wa meno hali kwa meno ya wagonjwa.

Kisa kimoja watu wa mpakani bado wanakisimulia. Mpigaji mmoja wa upande wa Kenya alikuja asubuhi, akabadilishiwa poti, akataja kosa lake, akaenda zake kupiga harusini. Kufika adhuhuri Fundi akakumbuka kwamba waya mmoja wa ardhini aliushika kwa risasi ya kulehemu kidogo mno. Hakuna aliyemlalamikia. Alifunga kibanda, akaweka chuma cha kulehemu ndani ya mfuko wa aproni, akavuka mpaka kwa miguu huku akiuliza harusi iko wapi. Maofisa walimjua, wakamwacha apite. Alimkuta mpigaji yuko jukwaani tayari. Alimshusha mbele ya maharusi, akafungua gitaa, akaongeza risasi, akafunga. Aliporudi ofisa mmoja alimuuliza amevukaje bila kitambulisho. "Kosa langu lilipita hapa asubuhi bila kitambulisho," alijibu, "na hamkulishika."

Alikuwa hivyo. Kosa lake hakulala nalo. Ndiyo maana ninachokuja kusema kinaniuma.

Sikumbuki siku hasa masikio yake yalipoanza kwenda. Nakumbuka lori. Zamani alikuwa anainua kichwa katikati ya kazi na kusema, "Huyo hafiki Nakuru," akisikia injini inavyokohoa kwenye foleni. Siku hiyo nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti, lori likapiga honi karibu na dirisha mpaka nikamwaga chai, na Fundi akaendelea kukaza skrubu. Wiki nyingine nikaona redio yake ya habari imepanda sauti. Mwezi mwingine nikaisikia nikiwa bado barabarani.

Kisha akaanza kuniita. "Madamu, ukitoka shule pita hapa kidogo." Nikifika, gitaa la mtu mwingine liko mezani. Mimi napiga, yeye anazungusha kitufe, kidevu amekigandamiza kwenye ubao wa gitaa, macho yamefumba. Akishamaliza ananiuliza, "Wewe umesikia nini?" Nikimwambia inakwaruza katikati, anaitikia kama mtu ambaye amesikia vilevile. Mara ya kwanza alieleza. "Masikio yangu yana vumbi leo." Hiyo leo ilidumu miaka miwili.

Hatukulizungumzia. Kwetu mtu mzima akianza kupungukiwa, unamsogezea kiti bila kumwambia kwa nini. Nilikuwa nikipita mara mbili au tatu kwa wiki, Buteba na Busia si mbali, na nikawa sikio lake. Nilijivunia kidogo, lazima niseme. Alinifundisha kusikia kwa namna ambayo chuo cha ualimu hakikunifundisha. Alinifundisha kwamba sauti mbovu haifichiki, ila anayeisikia ndiye anayejificha.

Halafu likaja lile boksi. Mchuuzi mmoja aliyekuwa akileta vipuri kutoka Nairobi alimwonyesha boksi la poti za kuvuta mpya kabisa, zinang'aa, za magitaa hasa, si za kung'oa kwenye maiti. Fundi alichukua moja ya kujaribu. Aliamua aiweke kwenye gitaa langu, kama zawadi, kwa sababu poti yangu ya zamani ilikuwa imeshachorwa penseli mpaka njia imekwisha. Alifanya kazi vizuri siku hiyo. Risasi ilikaa safi, waya umelala sawasawa, kitufe kipya cheusi kikakaa juu yake.

Nikapiga. Alikuwa amekiweka kidevu chake kwenye ubao na vidole vyake kwenye kitufe. Akazungusha kidogo sana, na sauti yote ikaruka. Ikatoka kimya hadi kelele kwa hatua moja, halafu akaendelea kuzungusha na hakuna kilichobadilika. Ilikuwa ile aina ya pili. Herufi ilikuwa huko nyuma, imeshafichwa ndani ya gitaa, na hakuna aliyeisoma.

"Sikia vile inapanda," alisema. Uso wake ulikuwa na amani ambayo sikuwa nimeiona muda mrefu. "Kama maji kwa ndoo. Polepole."

Nilikaa na lile gitaa mapajani. Kama ningesema inaruka, angejua hakusikia. Hilo peke yake labda angelimeza. Lakini angejua pia kwamba najua, na kwamba nimejua tangu lori. Nikaona haya kwa niaba yake, au kwa niaba yangu, hata sasa sijui.

Alichukua gitaa, akalikumbatia. "Haya. Taja moja."

Nikatazama kile kitufe. "Ni kikubwa," nikasema kwa sauti, nikamwonyesha kidole changu cha mwisho, kile ninachozungushia. "Kwa kidole changu. Ni kikubwa kidogo."

Hakikuwa kikubwa. Kilinikaa vizuri.

Fundi alikishika kidole changu, akakipima kwa macho, akacheka. "Kweli. Hilo ni kosa. Vidole vidogo, nilisema siku ya kwanza." Akachukua karatasi, akaandika: Madamu, kitufe. Akaibandika kwenye kopo. "Nitakutafutia. Kwa sasa tumia hii."

Kesho yake alilinunua boksi zima.

Mimi gitaa langu nililizoea. Nilijifunza kukigusa kile kitufe kama unavyomgusa mtu mwenye hasira za karibu. Lakini Fundi aliweka zile poti kwenye gitaa la kwaya ya Bulumbi, na ya kwaya mbili za Tororo, na kwenye magitaa ya vijana wa ng'ambo, na kila aliyeuliza alimwambia kwa fahari: "Hii Madamu wa Buteba amesikiliza. Sikio yake ni mzuri." Hakuwa akiniita tena kupima. Ya nini? Kazi ilikuwa moja na nimeshaipitisha.

Nilikuwepo Bulumbi kwenye mazishi ya mama wa mwalimu mwenzangu. Watu walikuwa wengi mpaka kwenye mihogo. Jeneza lilikuwa linateremshwa, na mpiga gitaa wa kwaya yao, mtu mpole ambaye mchana anauza mbegu, alikuwa anapiga taratibu chini ya sala, sauti ndogo sana, kama inavyotakiwa. Katekista akamwashiria aongeze kidogo. Nikakiona kidole chake kinakwenda kwenye kitufe. Nilitaka kupiga kelele na sikupiga.

Spika ilinguruma juu ya kaburi. Mwanamume aliyeshika kamba alishtuka, jeneza likayumba, likagonga ukingo. Binti wa marehemu alipiga yowe. Watoto waliokuwa nyuma wakacheka, kama watoto wanavyocheka wakiogopa, na kicheko hicho ndicho watu walichokikumbuka. Yule mpigaji alilizima gitaa, akaliweka kwenye nyasi, akaondoka katikati ya watu bila kumwangalia mtu.

Baada ya wiki alinijia shuleni. Alisimama mlangoni mwa darasa na kofia mkononi.

"Madamu, mimi nilirudisha gitaa kwa Fundi. Anasema iko sawa. Anasema wewe ndio ulipima hizo poti, ukasema ziko sawa."

Watoto walikuwa wananitazama.

"Mimi si fundi," nilimjibu.

Ilikuwa kweli, na sijawahi kusema kweli mbaya kuliko hiyo. Aliitikia kwa kichwa, akavaa kofia, akaenda. Kwa jibu langu alipata alichokuwa akikitafuta: masikio ya Fundi yamekwisha, na sasa anasingizia mwalimu. Maneno hayo yalivuka mpaka kabla ya jua kuzama. Magitaa yakaanza kwenda kwenye duka jipya la ng'ambo, lenye kijana mwenye mita na taa kali, anayesoma herufi.

Fundi hakuelewa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kulitazama. Aliwaita wateja wake wote, akawafungulia poti bure, moja moja. Alitafuta ugonjwa anaoujua. Akazisafisha, akazichora kwa penseli, zile njia mpya ambazo hazikuwa na jeraha lolote. Akaniomba penseli zaidi. Nami nikampelekea. Nilikuwa nampelekea vipande vya penseli, jioni baada ya jioni, nikijua kwamba angezichora zile poti mpaka kiama na sauti ingeruka vilevile. Nilikaa kwenye kile kiti nikamtazama ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Kila siku nilisema nitamwambia kesho.

"Mimi sijui watu wanasikia nini," aliniambia. "Wewe ulisikia. Ulitaja kosa moja, na ilikuwa kitufe."

"Ndiyo, Fundi."

Akafunga kibanda mwanzo wa mvua. Mkewe alikuja kutoka Rubongi, nje kidogo ya Tororo, na pikapu ya kuazima, wakapakia makopo na zile redio za watu. Sikwenda kumuaga. Nilisema nina mitihani ya kusahihisha, na nilikuwa nayo, lakini mitihani haikuwa sababu.

Ulipita mwaka na zaidi. Nilikuwa bado napiga gitaa lile lile kanisani, na kila Jumapili kidole changu kilipofika kwenye kitufe nilimwona yeye. Mwishowe, likizo ya shule ilipofika, nililifunga gitaa kwenye kanga, nikapanda bodaboda hadi Rubongi.

Nyumba yake iko karibu na kambi ya jeshi. Mkewe alinipokea uani, mama mfupi mwenye sauti ya chini, akanikaribisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiganda.

"Bambi, Madamu, umekuja. Hasikii tena. Hata askari wakipita asubuhi na nyimbo yao, yeye analala tu. Ukitaka kusema na yeye, andika. Anasoma vizuri."

"Anafanya nini siku hizi?"

"Anasugua ile kitu yake. Amemaliza pembe mbili za ng'ombe. Ya kwanza akasema mbaya, akatupa. Mimi sijui ni ya nini."

Fundi alikuwa amekaa kivulini kwenye ukuta wa nyumba, amekonda, tupa mkononi. Aliponiona alisimama. Alinisalimu kwa lugha ya kwao, kwa nguvu, kama wasemavyo watu wasiojisikia wenyewe, "Madamu! Yoga! Nilijua utakuja. Lete gitaa."

Nikampa. Alilitoa kwenye kanga, akalipapasa shingoni, kisha akaingiza vidole mfukoni mwa shati. Akatoa kitufe. Kilikuwa cha pembe ya ng'ombe, rangi ya asali, kidogo, kimesuguliwa mpaka kinang'aa, na ukingoni amekichonga vijistari vyembamba ili kidole kisiteleze.

"Nilitafuta dukani, nikakosa," alisema. "Zote ni za watu wakubwa. Basi nikatengeneza. Leta kidole."

Nikamletea kidole. Akakiweka juu ya kitufe, kikakaa kabisa. Alicheka bila sauti. Kisha akaking'oa kile cheusi kutoka kwenye gitaa, akaanza kutafuta jinsi ya kukaza cha pembe. Nilielewa kwamba akimaliza nitarudi nyumbani na ule uongo umechongwa, umeng'arishwa, uko kwenye gitaa langu maisha yangu yote. Nikamshika mkono.

Nilitoa daftari kwenye mkoba, na penseli. Niliandika kwa herufi kubwa, kama ninavyoandikia wa darasa la kwanza: Siku ile sauti iliruka. Niliisikia. Sikukuambia. Bulumbi ni kosa langu. Kitufe kilikuwa sawa.

Alilichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma midomo ikitembea. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vya chai, akitutazama mmoja mmoja. Fundi hakukasirika. Afadhali angekasirika. Aliinua kile kitufe cha pembe, akakiangalia, akaniangalia kidole.

"Kwa hivyo haikuwa kubwa," alisema.

Nikatikisa kichwa.

"Na ile ingine ulisikia."

Nikaitikia.

Kisha akakirudisha kitufe cha pembe mfukoni mwa shati, akafunga kifungo cha mfuko. Akaokota kile cheusi, akakirudisha mahali pake kwenye gitaa, akakibonyeza mpaka kikakaa imara, akafuta alama ya dole gumba lake kwenye ubao kwa mkono wa shati. Akanipa gitaa.

Nililipokea, nikasimama. Nilikuwa nangoja aniambie nitaje moja. Nilikuwa tayari hata kutaja yote. Fundi aliokota tupa yake, akaigeuza geuza, akaiweka chini.

"Kale, haya, Madamu," alisema. "Nenda vizuri. Barabara iko na malori mingi."

Mkewe alinisindikiza hadi barabarani.